Oktoba kusini mwa Italia kwa pikipiki: niende na kundi lenye kiongozi au nikodi niende mwenyewe?

KonaYaMingoyo

Habari za saa hizi wadau. Niko Mtwara mjini, pikipiki nimeanza kitambo, sasa hivi natembelea Honda XR 250 ya mtumba na barabara za kusini karibu zote nazijua, Masasi, Tunduru, Nachingwea, Liwale, kipindi cha tope na kipindi cha vumbi. Sasa kuna mzee mmoja wa Kiitaliano tulikuwa naye kazini kwenye mambo ya gesi, amestaafu karudi kwao, juzi kanitumia meseji kwamba mwezi wa kumi kuna msafara wa pikipiki, watu kama kumi, siku nane, wanaanzia Napoli wanamalizia Bari, katikati wanapita Paestum, Maratea, milima ya Pollino, Sila huko Calabria, halafu Matera na Alberobello. Yeye ameshalipia, ananiambia njoo.

Bei ni zaidi ya euro elfu tatu, pikipiki ya kukodi ndani, hoteli ndani, chakula cha usiku ndani. Ndege, visa, mafuta na chakula cha mchana juu yangu.

Sasa swali, hii ya kutembea kundi na kiongozi mbele ina faida gani kwa mtu anayejua kuendesha? Au ni ya wazee wa Kizungu wasiotaka kupotea? Maana nikikodi mwenyewe nikaweka ramani kwenye simu naona hela nyingi inabaki. Af kuna vitu vinanitisha kidogo, huko wanapita kulia, baridi sijaizoea, na mi kitimoto sili na nasikia wenzetu wanachanganyia kwenye kila kitu. Aliyewahi kufika atupe uzoefu. Wale wa "hela hiyo si uongeze mikorosho" nawajua, piteni kimyakimya 😂

Mbishi wa Ligula

Mkuu mi ndo huyo wa mikorosho na sipiti kimya 😂😂

Kwanza mwezi wa kumi minada ya korosho inafunguliwa, we uko Calabria unakula makaroni nani anasimamia mzigo wako kule chama cha ushirika, AMCOS? Pili, kuongozana msururu kama vifaranga na mama yao mi siwezi. Ukisimama kupiga picha watu kumi wanakusubiri, ukikaza unaambiwa punguza, ukitaka kulala unaambiwa saa mbili asubuhi tunawasha. Mtu umetoka Mtwara, umepanda ndege mpaka Dar, umeunganisha Addis Ababa au Istanbul mpaka ulaya, halafu unaenda kupangiwa saa ya kwenda chooni? Kodi chuma chako, weka simu kwenye usukani, tembea. Italia ni nchi iliyojengwa, lami kila mahali, vibao kila mahali, utapotelea wapi.

BintiWaMitandi

Kaka KonaYaMingoyo karibu sana. Mi mzaliwa wa Lindi, Mitandi hapo, ila naishi Bari miaka mingi sasa, mume wangu ndo anaendesha mi ni wa siti ya nyuma, na hizo njia ulizotaja tunazipita sana hasa kipindi hichohicho cha vuli maana kiangazi huku joto ni kali na pwani ya Amalfi inajaa mabasi na magari ya kukodi mpaka pikipiki yenyewe haipenyi.

Kaka Mbishi anachosema kuhusu lami ni kweli kwa barabara kubwa. Shida ni kwamba hakuna anayekuja na pikipiki kusini mwa Italia kwa ajili ya barabara kubwa. Watu wanafuata njia ndogo za milimani Basilicata na Calabria, na hizo milima yake ni ya udongo unaotembea, mvua za vuli zikipiga kipande cha barabara kinashuka bondeni. Serikali ya mkoa inaweka kizuizi cha zege na kibao kimeandikwa frana, yaani maporomoko, inaondoka, na kizuizi kinakaa miaka. Simu yako haijui hayo, inakwambia kilomita 14 mpaka hotelini, unafika unakuta ukuta, unageuza unaanza kuzunguka mlima mzima kilomita 70 na giza linaingia. Kiongozi wa msafara anayejua kazi yake hiyo njia alipita wiki iliyotangulia, au ana namba ya mwenye baa wa kijiji cha juu anampigia asubuhi anamuuliza panapitika. Hicho ndo unachokilipia, kupotea sio hoja kabisa.

Na baridi nikwambie ilivyo. Pwani mwezi wa kumi bado raha, mchana nyuzi ishirini na kitu, watu wanaogelea. Sasa asubuhi uko Tropea baharini umevaa fulana, kabla ya saa sita uko Sila juu ya mita 1,200 na ukungu umeshuka mpaka kwenye kioo cha helmeti, vidole havisikii klachi. Barabara imefunikwa majani ya michestnati, miti ya njugu kubwa za huku, yameloa, chini ya majani kuna yale maganda yake yenye miiba, ukikanyaga na taili ya mbele ukiwa umelala kwenye kona unasikia inaondoka kidogo inarudi. Na kwenye kona hiyohiyo unakuta ng'ombe wa kijivu wenye pembe ndefu na kengele shingoni wamelala katikati kabisa, hawana habari na wewe, na nyuma yao babu na kikarandinga cha matairi matatu amepakia kuni zimepita upana wa barabara. Hapo nakwambia mwanaume mwenyewe anashika breki kwa adabu.

Jua nalo. Katikati ya Oktoba linazama saa kumi na mbili na kitu, lakini Jumapili ya mwisho ya mwezi huo wanarudisha saa nyuma, basi kuanzia siku hiyo jua linazama kama saa kumi na moja jioni. Uliza tarehe za msafara ziko kabla au baada, maana zikiwa baada siku ya kuendesha inakuwa fupi na mchana jiko la kijijini linafungwa kama saa nane na nusu, ukichelewa unakula biskuti za sheli. Na sheli yenyewe mchana haina mtu, unaongea na mashine, unaingiza kadi au noti kwanza ndo inakupa mafuta.

Mambo ya kitimoto nakuja nayo, ngoja nimwangalie mtoto.

Mbishi wa Ligula

Dada hapo kwenye maporomoko umenishika. Kimbunga Hidaya cha 2024 maji yalivyokata barabara pale Somanga tulikaa huku tunaangalia ramani kwenye simu inaonyesha Dar masaa kadhaa tu, wakati mabasi yamepanga foleni hayana pa kwenda. Ila bado nasema kundi watu kumi ni wengi.

FundiChikongola

Mbona hakuna anayemuuliza kijana pikipiki gani anapewa? Misafara hii mara nyingi wanatoa yale ma-BMW GS. R 1250 GS ukiijaza mafuta ni kilo 249. XR yako ni kama nusu ya hapo. Ikiwa inatembea haina shida, ni nyepesi ajabu maana uzito uko chini, mziki unaanza ukisimama kwenye mteremko wenye kokoto mguu mmoja haufiki chini. Ikianza kulala huwezi kuirudisha kwa nguvu za paja, mwachie ilale we ruka pembeni, kioo kinanunuliwa goti halinunuliwi. Sasa kwa urefu wako omba ndogo, F 750 GS au hizi Honda za 500, milima ya huko kona zimebana na hutaona tofauti ya spidi, utaona tofauti ya uchovu siku ya tano.

Leseni. Angalia yako imeandikwa nini. Daraja A1 ni ya pikipiki ndogo, ya cc kubwa zaidi ya 125 unatakiwa uwe na A kamili. Wengi huku mtaani tunatembelea na A1 trafiki akikaza ndo tunakumbuka. Kule anayekukodisha ataangalia, na ukipata ajali bima ndo itaangalia zaidi. Af leseni yetu pekee haitoshi Italia, lazima uwe na kibali cha kimataifa cha udereva, hicho unakipata Dar kwa chama cha magari, AAT. Kifanyie kazi mapema usiache wiki ya safari.

Na helmeti. Hii ya bodaboda usiibebe hata kwa utani. Kule inatakiwa yenye alama ya ECE, kiwango chao cha usalama, ile herufi E ndani ya duara imeshonwa kwenye mkanda. Ukivaa isiyo na alama ni faini.

Mama Shuwea

Jamani mi nauliza tu kwa niaba ya wengine, hao wake wanaokaa nyuma kwenye misafara hiyo wanalipiwa bei ileile? 👀

BintiWaMitandi

@Mama Shuwea hapana dada, wa nyuma analipa pungufu kwa sababu pikipiki ni moja na chumba ni kimoja. Anayeenda peke yake ndo anaumia, akitaka chumba chake mwenyewe kuna nyongeza. Kaka KonaYaMingoyo muulize mzee wako kama mnaweza kulala chumba kimoja, hiyo nyongeza sio ndogo.

Haya kitimoto. Ni kweli kusini mwa Italia nguruwe ni mwingi, na Calabria ndo kwao kuna ile nduja, soseji laini ya pilipili ya kupaka kama siagi, wanaiyeyusha kwenye mchuzi na kwenye pizza huioni ila ipo. Kwa hiyo usisubiri kuangalia sahani, mwandikie mwenye msafara wakati wa kulipa kwamba huli nguruwe, hoteli zinapelekewa taarifa kabla. Wamezoea, kila kundi lina asiyekula hiki na asiyekula kile. Na njaa hutaiona. Sila kipindi hicho ni uyoga, viazi, chestnati za kuchoma na jibini. Puglia wana maharage fulani yamepondwa laini na mboga chungu pembeni na mafuta ya zeituni juu, chakula cha maskini zamani sasa hivi kiko hotelini. Na ukifika Bari usiondoke asubuhi yake bila kwenda pale bandari ya zamani, wavuvi wanapiga pweza kwenye jiwe mpaka alainike, wanamsugua kwenye beseni la maji, af wanamla mbichi. Mi mtoto wa Lindi pweza nimekula tangu sijaota meno lakini mbichi imenichukua muda.

Tena pale mtaani mji wa zamani akina mama wamekaa mlangoni na meza zao wanakata tambi za masikio kwa kisu na kidole gumba, mikono inaenda yenyewe huku wanasengenya. Utajiona uko Mikindani.

Divai ipo mezani mchana, anayekunywa anywe usiku. Kipimo chao ni gramu 0.5 kwa lita ya damu na kiongozi wa maana ukigusa glasi mchana anakunyang'anya funguo.

MkulimaTandahimba

Poleni na majukumu. Mi pikipiki kwangu ni ya kubebea magunia tu ila nimevutiwa na uzi. Dada wa Bari, hiyo mizeituni nasikia iliugua sana, ni kweli? Sisi mikorosho ikipata ubwiriunga tunapuliza salfa mambo yanaenda, wenzetu wanafanyaje?

BintiWaMitandi

Ni kweli kaka. Ni bakteria inaitwa Xylella, iligundulika huku Puglia 2013, inasambazwa na kamdudu kadogo kanakofyonza maji ya mti. Inaziba mishipa mti unakauka kuanzia juu. Dawa ya kuuponya mti ulioshaugua hakuna, wanakata, wanapanda aina zinazovumilia. Ukiendesha kusini ya Lecce kwenda mpaka ncha kabisa ya Santa Maria di Leuca unapita mashamba kwa mashamba ya miti ya kijivu imesimama mikavu, mingine ina umri wa mamia ya miaka, shina watu watatu hawalikumbatii. Msafara wa kaka yetu haufiki huko naona, unakatia Alberobello. Maeneo mengine mwezi wa kumi ndo wanaanza kuvuna, wanatandika neti chini ya mti wanatikisa. Matrekta yanatoka shambani na udongo kwenye matairi yanauacha barabarani, mvua kidogo tu inakuwa sabuni.

KonaYaMingoyo

Aisee asanteni sana, nimesoma yote mara mbili. Leseni nimeangalia ni A kamili, hapo nimepona. Urefu mi ni mfupi fundi, umeniona wapi 😂

Dada Binti, hilo la kulia je? Na humo ndani ya kundi mtu mgeni anawekwa wapi, maana naogopa nikiwa wa mwisho nitakimbizana nao.

BintiWaMitandi

Mgeni anawekwa nyuma ya kiongozi, namba mbili au tatu, sio mwisho. Mwisho kabisa kuna mtu wao mwingine kavaa kizibao cha kung'aa, huyo hapitwi wala hampiti mtu, na gari la mizigo linakuja kwa njia yake na mabegi yenu. Barabara ikiwa pana mnapanga zigizaga, mmoja kushoto mmoja kulia, mkiingia kwenye kona kila mtu anachukua mstari wake. Na kaka Mbishi atulie, milimani hakuna anayekushikilia spidi. Makundi mazuri yanatumia utaratibu huu, mkifika njia panda aliyeko nyuma ya kiongozi anasimama pale kuonyesha njia mpaka wote wapite, halafu anaingia mbele ya yule wa kizibao. Kwa hiyo kati ya njia panda na njia panda unaweza kuwa peke yako kabisa na mlima wako, ukimpoteza wa mbele hukimbizani, unajua kwenye kona ya kuamua kuna mtu anakusubiri.

Kulia utazoea siku ya kwanza mchana. Wageni wa nchi za kupita kushoto hawakosei kwenye foleni, pale unafuata wa mbele. Wanakosea asubuhi wakitoka hotelini barabara tupu, au wametoka sheli, au wamesimama kupiga picha wakageuza. Mume wangu anawabandikia mshale wa plasta juu ya tanki unaoonyesha kulia, wanacheka lakini hawautoi. Keplefti nazo unazunguka kinyume na nyumbani, unaangalia kushoto ndo unaingia. Na kona za kujikunja, kwenu inayobana ni ya kushoto, huku inayobana ni ya kulia, tena ukiwa unapanda, gia ya kwanza shingo imegeuka kabisa unaangalia unakokwenda. Ile barabara ya kupandia kwenye sanamu ya Kristo pale Maratea ni hiyo tu mpaka juu, zigizaga juu ya nguzo za zege na bahari chini yako.

Mbishi wa Ligula

Hapo kwa njia panda mmeniweza. Haya mkuu nenda, mzigo wako wa korosho ntausimamia mimi kwa asilimia 😂 Ila swali la uhakika, visa? Na hizo hela za dhamana ya pikipiki unalipaje na hizi kadi zetu?

BintiWaMitandi

Swali zuri kuliko yote na watu wengi wanaliacha mwisho. Dhamana mara nyingi wanaizuia kwenye kadi ya mkopo, kreditikadi halisi yenye jina lako, na hizi kadi zetu za kawaida za benki kampuni nyingi za kukodisha hawazitaki. Kama huna, mwambie mwenye msafara sasa hivi, mwingine atakubali kadi ya yule mzee rafiki yako, mwingine atakuuzia bima ya ziada dhamana ishuke. Usigundue hilo umesimama Napoli na begi.

Visa unaomba ubalozi wa Italia Dar, ya Schengen, ada euro 90, maombi yanafunguliwa miezi sita kabla ya safari na mwisho siku 15 kabla, we usiende mwishomwisho. Bima ya safari lazima ifike euro 30,000. Hapo soma maandishi madogo, bima nyingi zinakubali usafiri ila pikipiki ya cc kubwa wameitoa, utapewa visa vizuri tu halafu ukianguka unajilipia hospitali. Barua ya mwenye msafara yenye hoteli zote na tarehe inasaidia sana, nayo ndo kitu kingine ambacho ukienda mwenyewe inabidi uhangaike nacho hoteli moja moja.

KonaYaMingoyo

Nimemwandikia mwenye msafara jana usiku, kajibu leo. Tarehe zinaisha kabla ya kurudisha saa nyuma. Nguruwe ameandika kwenye fomu. F 750 ipo na anaweza kuiweka ya siti ya chini. Kadi amekubali ya mzee. Kilichobaki ni koti na suruali, kukodi kwake naona bei imechangamka, mtu anajua Kariakoo wapi wanauza za mtumba zenye zile kinga za viwiko na magoti? Na fundi, mazoezi nifanyie wapi na chuma kizito huku Mtwara hakuna wa kuniazima GS.

FundiChikongola

Huhitaji GS. Funga magaloni mawili ya maji ya lita ishirini kwenye XR yako, moja kila upande, panda Newala ukitokea Masasi af shuka, panda shuka, asubuhi mapema kabla ya malori. Kila ukifika kona inayopanda simama katikati yake makusudi, ondoka tena bila kurudi nyuma. Hiyo ndo itakayokusumbua kule, spidi haitakusumbua. Ukichoka nenda Rondo.

Koti nunua kubwa saizi moja maana ndani utavaa sweta. Glavu usinunue mtumba. Na hiyo siti ya chini kabla hujamjibu ndiyo mwambie akutumie urefu wake kutoka chini kwa milimita, af ujipime ndani ya miguu ukiwa umevaa buti utakazoendeshea, sio ndala.